Somo: Mwili wa mwanamke kwa mistari michache, na ninakoazima mtindo

Kila wiki naulizwa hilohilo: "Dada, huo mtindo wa shingo ndefu na mapaja mapana umeutoa wapi?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, hatua kwa hatua, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza majina, maana ndiyo mnayoyataka. Amedeo Modigliani, mchoraji Mtaliano aliyefia Paris mwaka 1920: kwake nimechukua mstari mmoja mrefu unaoshuka kutoka kwapani hadi gotini bila kukatika. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa: ile miili minne ya bluu ya mwaka 1952, aliyoikata kwa mkasi kwenye karatasi zilizopakwa rangi, akiwa mzee asiyeweza tena kusimama muda mrefu baada ya upasuaji wa 1941. Auguste Rodin, mchongaji sanamu Mfaransa: michoro yake ya uzeeni, macho kwa modeli (yule anayekaa achorwe), penseli ikitembea bila yeye kutazama karatasi. Na Wamakonde, ambao kwangu wametangulia hao wote, kwa sababu vibanda vya wachongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, vilikuwa njiani nikitoka shule.

Hatua ya 1. Mkaa wa kuchorea au penseli laini ya 4B, karatasi nyingi za bei rahisi. Kifutio kiweke mbali.

Hatua ya 2. Modeli awe mtu mzima, aliyekubali kwa hiari yake. Malipo na muda mpatane kabla hajavua hata kiatu, na simu zote zibaki nje ya chumba.

Hatua ya 3. Chora mikao 20, dakika moja kila mkao. Sura na vidole achana navyo.

Hatua ya 4. Tafuta uzito uko wapi. Hapa someni taratibu, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu kazi ya miezi mitano. Nilikuwa na michoro 30 ya maonyesho yangu ya kwanza. Kila mwanamke nilimrefusha: shingo, kiuno, mapaja, yote. Nikaona nimeshakuwa Modigliani. Siku moja nikampelekea mzee mmoja mchongaji aione. Akashika karatasi moja, akaitazama kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu amesimama juu ya nini?" Akachukua kinyago chake cha mpingo, kirefu na chembamba kuliko mchoro wangu wowote, akakisimamisha kwenye benchi. Kikasimama. Mchongaji akikosea uzito, kazi yake inaanguka mbele ya mnunuzi. Karatasi haiangushi mtu, na kwa sababu hiyo wachoraji tunajidanganya miaka. Michoro yote 30 ilikuwa inaelea. Hakuna hata mmoja niliouonyesha.

Baadaye ndipo nikagundua kwamba wote ninaowaazima walifanya kazi ya sanamu. Modigliani alichonga mawe miaka kadhaa kabla ya kurudi kwenye rangi. Matisse alifinyanga sanamu. Rodin ndiyo kazi iliyompa jina. Mistari yao inapinda namna ile na mwili hauanguki, kwa sababu mikono yao ilishabeba uzito wenyewe.

Basi fanya hivi. Chukua uzi, funga kijiwe, uwe kama timazi ya fundi ujenzi. Unyooshe mkono, jicho moja lifumbe, uzi upite kwenye shimo la koo la modeli. Akiwa amesimamia mguu mmoja, uzi utaangukia karibu na kifundo cha mguu huohuo. Nyonga ya upande huo itakuwa imepanda, na bega la upande huohuo mara nyingi limeshuka. Kwa hiyo ubavu mmoja umebanwa, mwingine umevutwa. Chora kwanza mistari hiyo mitatu: uzi, nyonga, mabega. ONYO: usirefushe chochote kabla mistari hiyo haijakaa. ONYO la pili: kwa aliyelala uzi haukusaidii. Tazama pale nyama inapobonyea kwenye godoro. Paja lililolaliwa hutandaa, na ukilichora mviringo kama la juu, umemning'iniza mtu hewani.

Hatua ya 5. Sasa tia chumvi, lakini upande uliovutwa tu. Uliobanwa uache mfupi, wenye mikunjo. Ukirefusha pande zote mbili, unapata mgomba.

Hatua ya 6. Weka karatasi mpya juu ya mchoro, bandika dirishani, nakili huku ukipunguza. Rudia mpaka ibaki mistari 8 au 9.

Hatua ya 7. Wino. Vuta mstari kwa bega, si kwa kiganja.

MASWALI

Brashi Kavu: Nitumie picha za huyo modeli nijifunzie.
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 2.

Mkono Mwepesi: Nimefuata hatua zote, mbona mwili bado unaelea?
Jibu: Timazi umepiga?
Mkono Mwepesi: Hiyo nimeiruka, naona kama hesabu.
Jibu: Basi hukufuata hatua zote.

Fundi Rangi: Modigliani hakujua kuchora macho, ndiyo maana aliyaacha matupu. Unatufundisha uvivu.
Jibu: Si kweli, na nimechoka kulisikia. Vichwa alivyochonga kwenye mawe havina mboni, na alipoacha mawe aliingia na macho hayo kwenye rangi. Mtazame tumbo la mmoja wa wanawake wake waliolala: kivuli chembamba chini ya mbavu, basi, na unajua kabisa kwamba anapumua. Jaribu wewe kwa kivuli kimoja, kisha tuzungumze uvivu.

Binti wa Newala: Dada, kwetu kuna kinyago cha kiwiliwili, tumbo la mjamzito, huvaliwa na mwanamume kwenye ngoma. Nacho umeazima?
Jibu: Asante sana kwa swali hili mdogo wangu. Nimeazima, tena pakubwa. Kitazame kwa karibu: matiti, tumbo lililotangulia mbele, kitovu kimetokeza, na chale zimepangwa kukizunguka. Kichwa hakuna, miguu hakuna. Mgongoni ni wazi, kama ganda. Mchongaji amemwachia mchezaji amalizie mwili kwa mwili wake. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kukata mchoro shingoni na magotini. Ukiwa huko, keti na wazee uwaulize kila chale ina maana gani, kisha utuandikie. Mimi nimeviona makumbusho tu, wewe unaweza kukiona kikicheza.

Mwalimu wa Pemba: Mimi siwezi kuchora mtu uchi na wala sitaki. Somo hili lina faida kwangu?
Jibu: Linayo, mwalimu. Mchore mtu aliyejifunga kanga. Tazama mkunjo mkubwa unapoanzia: utakuta umening'inia kwenye nyonga iliyopanda, ukashuka mshazari hadi goti lililolegea. Pindo la kanga litakuonyesha uzito kuliko hata ngozi. Hatua ya 4 fuata vilevile.

Mkaa Mweusi: Mkaa wa kuchorea ni ghali huku kwetu. Wa jikoni unafaa?
Jibu: Ni mgumu, unakwaruza karatasi. Tengeneza wako. Kata vijiti vilivyonyooka, unene wa penseli, menya maganda, vianike vikauke. Vipange vimebanana ndani ya kopo lenye mfuniko, toboa tundu moja dogo, liweke kwenye moto. Moshi utatoka tunduni, na ukikoma, ipua.
Mkaa Mweusi: Nilijaribu jana, nimekuta majivu.
Jibu: Ulifungua likiwa la moto. Hewa ikiingia vijiti vinawaka. Liache mpaka asubuhi.