Klachi ya pikipiki ya mtoto: namna ya kuibadilisha mwenyewe nyumbani

"Baba, inanguruma lakini haikimbii." Mwanangu aliniambia hivyo akiwa amekwama katikati ya kilima, na hakuna fundi ambaye angeeleza ugonjwa ule vizuri zaidi. Injini inapandisha sauti, gurudumu la nyuma halifuati: klachi, kile kiungo kati ya injini na gia, inateleza. Tangu siku ile nimebadilisha klachi tatu za pikipiki za watoto. Ya mwisho ilikuwa juzi, ya mtoto wa jirani, ndiyo maana nikaona niandike.

Naongelea pikipiki ndogo za motokrosi zenye mkono wa klachi na pleti (visahani vyembamba vinavyobanwa pamoja) zinazokaa ndani ya oili, kama Kawasaki KX65. Zile za wanaoanza, kama Honda CRF50F na Yamaha PW50, hazina mkono huo. Klachi yake hujishika yenyewe injini ikiongeza kasi, na kuifungua ni kazi nyingine.

Kabla hujanunua kitu, angalia waya wa klachi. Waya uliokazwa mno huifanya klachi iteleze hata pleti zikiwa mpya. Mkono wa klachi uwe na ulegevu wa milimita 2 au 3 pale unapoungana na kishikio chake. Ukishaulegeza na bado inateleza, basi ni pleti.

Nunua seti nzima: pleti za msuguano, pleti za chuma na springi, pamoja na gaskiti ya kava. Sikubaliani kabisa na kubana matumizi kwenye springi. Springi iliyochoka haibani sawasawa, na itaziunguza pleti mpya kama ilivyoziunguza za zamani. Oili ya gia boksi iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano.

Hatua ya 1. Loweka pleti mpya za msuguano kwenye oili hiyo. Mimi huziacha usiku kucha. Ukizifunga kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza.

Hatua ya 2. Funga petroli, mwaga oili, toa kiki na kava la klachi. Kama pampu ya maji imo ndani ya kava, mwaga na maji ya rejeta. Bolti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake.

Hatua ya 3. Kwangua gaskiti ya zamani. Ziba injini kwa kitambaa safi kwanza, na usitumie bisibisi, maana alumini huchubuka na oili itavuja.

Hatua ya 4. Legeza bolti za springi kidogo kidogo kwa kukingamisha (moja, halafu ile inayoikabili), kisha toa pleti moja moja na uzipange mezani kwa mfuatano uliozikuta. Pitisha ukucha kwenye vidole vya kikapu cha klachi, yaani chombo cha nje kinachobeba pleti, pale pleti zinapogusa. Ukucha ukinasa kidogo, sawazisha kwa tupa laini. Kama kuna mashimo ya kina, badilisha kikapu, la sivyo pleti zitakuwa zinakwama humo na klachi haitaachia vizuri.

Hatua ya 5. Kupanga pleti. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima mara ya kwanza. Anza na pleti ya msuguano, ifuate ya chuma, endelea kupokezana hivyo, umalizie na ya msuguano. Baadhi ya pikipiki zina pleti moja iliyo tofauti kidogo na nyingine, ndiyo maana nikasema upange za zamani mezani.

Tatizo halikuwa mpangilio. Lilikuwa kile kifuniko cha nje kinachobanwa na springi. Kina meno yanayotakiwa kuingia katikati ya meno ya habu (kitovu kinachozungukwa na pleti), na yasipoingia, kifuniko hukaa juu ya habu badala ya kuzibana pleti. Bolti zinakaza vizuri, kila kitu kinaonekana sawa, na ukiwasha, pikipiki haiendi. Nilifunga kava, nikajaza oili, nikafungua tena, mara mbili, nikilaumu pleti. Kwa hiyo, kabla ya kuweka springi, kibonyeze kifuniko kwa vidole huku ukikizungusha taratibu hadi uhisi kimezama. Tazama kwa tochi ukingoni: pasiwe na mwanya wowote kati yake na pleti ya mwisho. Hakikisha pia gololi ndogo ya chuma au kijifito cha kusukuma kimerudi ndani. Gololi hupenda kushikwa na oili ikaondoka na pleti bila wewe kuona.

Kaza bolti kwa kukingamisha. Kwa bolti ndogo za M6, karibu Nm 10 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Tumia spana yenye kipimo, kwani nguzo zinazoshika bolti hizo ni za alumini na hukatika.

Sasa, kava likiwa bado wazi, unga waya kama uliufungua. Mimi humwita mwanangu. "Vuta. Achia. Vuta tena." Kifuniko kinatakiwa kuinuka sawasawa pande zote, kama milimita moja hivi. Kikiinuka upande mmoja, rudia.

Hatua ya 6. Gaskiti mpya, kava, kiki, oili kwa kipimo cha kitabu, na maji kama uliyamwaga.

Hatua ya 7. Rekebisha waya upate ulegevu ule wa milimita 2 au 3. Ijaribu mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mtoto: gia ya kwanza, mkono umebanwa, pikipiki isijivute. Baada ya dakika 20 za kuendesha, pima ulegevu tena injini ikiwa imepoa, maana pleti mpya zikikaa sawa waya nao hubadilika.