Kuandaa Chai ya Majani ya Mforosadi kwa Ajili ya Moyo

Nchini China majani ya mforosadi yametumika kama dawa kwa karne nyingi, na huko Japani mtawa Eisai aliusifu mti huu katika maandishi yake ya mwaka 1211 kwa kutuliza ugonjwa wa kiu isiyokatika, ambao kwa dalili zake unafanana na kisukari. Manufaa yake kwa moyo yanapitia njia hiyo hiyo: majani yana kemikali iitwayo deoksinojirimisini, inayovizuia vimeng'enya vya utumbo visivunje wanga kwa haraka, na hivyo sukari ya damu haipandi ghafla baada ya mlo, kupanda ambako huumiza mishipa ya damu.

Chuma majani mabichi yaliyokwisha kufunguka lakini bado laini, kutoka kwenye mti ambao haujanyunyiziwa dawa ya wadudu. Ukikata kikonyo utaona utomvu mweupe ukitoka. Huo huweza kuwasha ngozi, basi osha majani vizuri na uyakung'ute maji. Yakate vipande vyembamba, uyapitishe kwenye mvuke kwa dakika moja hivi, kisha uyatandaze kwenye ungo kivulini, ukiyageuza kila siku, mpaka yavunjike yakifikichwa. Usiharakishe hatua hii, kwani majani yaliyobaki na unyevu huota ukungu ndani ya kopo, na majani yenye ukungu ni ya kutupwa.

Weka kijiko kimoja cha chai cha majani makavu katika kikombe, mimina maji ya moto, funika kwa dakika 5 hadi 10, kisha chuja. Inywe pamoja na chakula chenye wanga, kama ugali au wali, kwa sababu kazi yake hufanyika tumboni wakati chakula kinasagwa. Tena usiitie sukari.

Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na mjamzito au anayenyonyesha ni afadhali aiache. Mwenye presha asipunguze vidonge vyake kwa sababu ya chai hii, hata akijisikia nafuu, kwani presha hupanda bila dalili. Maumivu ya kifua ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Forosadi zenyewe huliwa zikiwa zimeiva kabisa. Mbichi huchafua tumbo.