Jinsi ya kupata cheti cha nishati (EPC) kwa flati ya zamani Bath: karatasi kwanza, mkaguzi baadaye

Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa Tanga anayepangisha flati yake hapa Bath, Uingereza, ile ya juu kabisa kwenye jumba la mawe la karne ya 18. Tangu hapo naulizwa WhatsApp maswali yale yale kuhusu EPC, cheti kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, basi nayaweka yote hapa.

Hatua ya 1: Angalia kama kipo tayari

Ingia gov.uk, tafuta kwa postikodi. Cheti kinadumu miaka 10, kwa hiyo ukikuta kipo hai na daraja ni E au bora zaidi (A ndiyo bora kabisa, G ya mwisho), huna kazi. Kama hakipo, soma vya majirani wa jengo hilo hilo, viko wazi kwa kila mtu, vitakupa picha ya unachoenda kukutana nacho.

Hatua ya 2: Achana na wanaosema "nyumba ya urithi haihitaji"

Bath nzima ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1987, na majengo yanayolindwa kisheria ni kama 5,000. Sasa kama kila mtu angesamehewa kwa hilo tu, nani angebaki? Sheria inakuachia pale tu ambapo kazi ya kufikia kiwango ingeharibu sura ya jengo, na utajuaje ingeharibu wakati hujaona ripoti inataka kazi gani? Mimi nasema chukua cheti yaishe. Kwa wapangishaji tangu Aprili 2020 hata mikataba inayoendelea inatakiwa iwe na E kwenda juu, yaani pointi 39 na kuendelea. 21 mpaka 38 ni F, hapo una kazi.

Hatua ya 3: Tafuta mkaguzi

Wako kwenye tovuti hiyo hiyo. Bei haina kiwango kimoja, pigia watatu, na uliza swali moja tu: umeshakagua nyumba za mawe za kabla ya 1900? Mimi simchukui wa bei chee anayetoka mji mwingine na ana nyumba nane za kukimbilia siku hiyo.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi (hapa ndipo watu wanaliwa)

Soma taratibu. Mkaguzi habomoi ukuta wala hatoboi dari. Asichokiona na kisicho na ushahidi, programu yake inakijaza kwa kukisia kutokana na umri wa jengo, na jengo la kabla ya 1900 linakisiwa halijawekewa chochote cha kuzuia joto lisitoroke. Kwa huyu dada, dari la mteremko lilishawekewa bodi nzuri kabisa nyuma ya plasta, pesa ndefu ilitoka, lakini ripoti ya kwanza ikaandika hakuna kitu, imekisiwa. Daraja F. Alibishana sana na mkaguzi, haikusaidia, maana neno la mwenye nyumba halihesabiwi na mkaguzi naye anakaguliwa kazi zake.

Kinachokubalika ni karatasi inayoitaja nyumba YAKO na kuonyesha kilichofanyika. Invoisi ya fundi yenye anwani, iliyoandika aina ya bodi na unene wake. Garantii ya kazi. Cheti cha kumaliza ujenzi kutoka kitengo cha majengo cha halmashauri, na hiki hata kama kazi ilifanywa na mmiliki aliyepita unaweza kuomba nakala, sisi ndicho kilichotuokoa pamoja na invoisi iliyokuwa imelala kwenye faili la wakili wa manunuzi. Angalia na huko, watu wanasahau kabisa.

Tahadhari: michoro ya kuombea kibali peke yake haitoshi, inaonyesha ulichokusudia, sio ulichojenga. Invoisi iliyoandikwa "kazi za dari" bila maelezo haina maana, mrudie fundi akuandikie vizuri. Picha za simu zinasaidia kama zinaonyesha wazi ni chumba gani, ila muulize mkaguzi kabla ya siku yenyewe, usimshtukize mlangoni. Na mtumie kila kitu kwa imeili mapema.

Hatua ya 5: Siku ya ukaguzi

Fungua vyumba vyote na kile kidirisha cha darini, kikiwa kimepakwa rangi kikagandana hatapanda. Modeli ya boila ionekane. Balbu zote ziwe LED.

Kama hamna gesi, sikiliza: pointi zinapigwa kwa gharama ya nishati, na umeme ni ghali, kwa hiyo zile heta za ukutani za kuwasha na kuzima zinakushusha vibaya. Mimi sizipendi hata bure. Heta za kuhifadhi joto la usiku na mita ya bei mbili (usiku umeme rahisi, mchana ghali) zinafanya vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Omba kuona taarifa kabla hajazisajili

Tafuta kila palipoandikwa imekisiwa, ulinganishe na karatasi zako.

Hatua ya 7: Ikibaki F au G

Usikimbilie kung'oa madirisha. Ni kama Mji Mkongwe tu, jengo linalolindwa huligusi bila kibali, na ukiligusa ni kosa la jinai. Ombi la kibali chenyewe halina ada. Ziba mianya ya upepo, jaza kizuia joto darini (unene wa milimita 270 ndio unaopendekezwa), halafu ombea kibali cha kioo cha pili kwa ndani, dirisha la zamani linabaki lilivyo.

Mpangishaji halazimiki kutumia zaidi ya pauni 3,500, VAT ikiwemo. Ukifika hapo na bado hujapanda E unaomba msamaha, ila haujileti wenyewe, lazima uusajili kwenye rejesta ya serikali na ushahidi wako, na unadumu miaka 5. Ukiuza flati msamaha hauhami nayo, mnunuzi akitaka kupangisha anasajili wake.