Namna ya kukusanya habari za babu aliyekuwa mkulima

Ukimkalisha bibi kwenye kochi, ukaweka simu mezani na kumwambia, "Bibi, tusimulie maisha ya babu," atakujibu kwamba babu yenu alikuwa mchapakazi na mcha Mungu. Basi. Hayo ni maneno ya msibani, na hayamtofautishi babu yako na wa jirani. Mimi nilitaka kujua alilimaje, na njaa ilipoingia walikula nini. Kwetu Njombe wanaoyajua hayo tunawazika kila mwaka, kwa hiyo usingoje likizo ndefu.

Mfuate bibi kazini. Akipukuchua mahindi, kaa naye mpukuchue. Usiulize maisha, uliza kitu kimoja mpaka kiishe. Mimi nilianza na kinyungu, yaani shamba la bondeni linalolimwa kiangazi. Bibi alisema mvua zikikatika babu alishuka bondeni, akafyeka majani, akayalaza kwa mistari na kuyafukia kwa udongo mweusi, kisha akachimba mifereji kati ya tuta na tuta ili maji yasisimame. Nikauliza, mahindi alipanda lini? Akacheka. Babu hakutazama kalenda. Asubuhi alipita kwenye nyasi za bondeni bila viatu, na siku umande ulipoacha kuganda ndipo alipotoa mbegu. Kwa swali la "maisha ya babu" nisingeipata habari hiyo hata kidogo.

Miaka itakusumbua, kwa sababu wazee wengi hawataji tarehe. Tumia mambo yanayojulikana. Uliza: ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Wachina walikuwa wameshafika Makambako kujenga reli? Ujenzi wa TAZARA, yaani hiyo reli ya Tanzania na Zambia, ulianza 1970, na kufikia 1975 reli ilikuwa imekamilika. Vita vya Kagera ni 1978 hadi 1979. Kisha shikilia watoto: nani alikuwa anabebwa mgongoni wakati huo, nani alikuwa ameanza shule? Cheti cha ubatizo cha shangazi kinaweza kukupangia miaka kumi ya ukoo.

Jambo kubwa kwa familia nyingi za huku ni Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na watu wakahamishwa kutoka kwenye mashamba yao. Kama babu yako alihama, omba upelekwe kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Nenda na mtu aliyezaliwa pale. Sisi tulikwenda na baba mkubwa, ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja moja. Alipoona mianzi ya kugemea ulanzi, pombe ya huku, bado imesimama, akaanza mwenyewe: hapa palikuwa na kihenge cha nafaka, pale zizi, mpaka wetu ulipita kwenye ule mwiba. Piga picha, chora ramani kwenye daftari palepale, andika majina ya majirani wa wakati huo.

Usiwasikilize wanaume peke yao. Babu alikwenda manamba, yaani kibarua cha mkataba, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wajomba wanaisimulia vizuri safari hiyo pamoja na blanketi alilorudi nalo. Nani alilima miaka hiyo? Bibi, akiwa na mtoto mgongoni. Habari ya shamba la babu bila ya bibi ni nusu ya habari, nami nalisema hili kwa uchungu, maana kwenye ukoo wetu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Watapingana. Baba mkubwa anasema bati za kwanza zilinunuliwa kwa fedha za pareto. Shangazi anasema aliuzwa ng'ombe. Andika yote mawili, na kila neno liwe na jina la aliyelisema. Usiamue wewe.

Kurekodi ni rahisi, simu yoyote inatosha, ila omba ruhusa kwanza. Andika jioni ileile, na maneno ya Kibena, lugha yetu, yaache kama yalivyotamkwa. Mambo yakiwa ya aibu kwa aliye hai, kama ugomvi wa mpaka, yaweke kando mpaka mwenyewe akubali.

Rasimu ikikamilika, kusanya wote na uwasomee kwa sauti. Acha mistari mitupu kati ya aya na aya, na shika kalamu, kwa sababu shangazi atakukatiza kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza.