Usitazame mavuno tu, tazama akiba

Ukisoma ripoti ya nafaka, usikimbilie tarakimu ya mavuno. Mavuno yanaweza kuvunja rekodi na bei ikapanda vilevile, kwa kuwa watu na mifugo wamekula zaidi. Chukua akiba ya mwisho wa msimu, igawe kwa matumizi ya mwaka, kisha zidisha kwa 365. Utapata siku ambazo maghala yangetosha bila mavuno mapya. Akiba tani milioni 40, matumizi milioni 365: siku 40. Mwaka jana zilikuwa 55? Basi soko limebana, na ukame kidogo tu utarusha bei, kama mwaka 2012 ukame wa Marekani ulipoyavusha mahindi dola 8 kwa busheli (kama kilo 25) kwenye soko la nafaka la Chicago.

Wengi husahau hili, nami naliona kubwa kuliko yote: zaidi ya nusu ya akiba ya mahindi duniani iko China, na haitoki nje. Kwa hiyo rudia hesabu kwa wauzaji wakubwa peke yao: Marekani, Brazili, Argentina, Ukraine. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa takwimu hizo kila mwezi, bure.