Kutoka Maziwa Hadi Samli: Kugandisha, Kusukasuka na Kuchemsha Nyumbani

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, maziwa mabichi ya asubuhi yanaweza kuharibika kabla ya jioni. Yakiganda, uchachu wake huyalinda kwa siku kadhaa. Yakifika kuwa samli, hukaa miezi bila friji, kwa sababu samli ni mafuta matupu yaliyotolewa maji, na pasipo maji vijidudu havina pa kuishi.

Nunua maziwa mabichi ya ng'ombe kwa mfugaji, si ya pakiti. Maziwa mengi ya kiwandani yamepigwa mpaka mafuta yake yakasambaa vipande vidogo mno, hayapandi tena juu, na siagi huipati. Muulize mfugaji jambo moja: ng'ombe amepewa dawa ya kiwele au sindano siku za karibuni? Dawa ikiwa bado imo kwenye maziwa huua chachu, yaani vijidudu vya mtindi vinavyogandisha maziwa, na maziwa yatakaa siku nzima bila kuganda huku ukidhani umekosea wewe.

Lita 5 zenye mafuta asilimia 4 zina gramu 200 hivi za mafuta. Kwa mkono huyapati yote. Ukitoa gramu 120 hadi 150 za samli umefanya vizuri. Ndiyo maana inafaa kukusanya utandu, yaani mafuta yanayopanda juu ya maziwa, wa siku kadhaa kabla ya kusukasuka.

Kugandisha

Chemsha maziwa yapande, kisha punguza moto na uyaache yachemke taratibu dakika 5 ukikoroga chini yasishike. Usiruke hatua hii: maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na kifua kikuu, na kuganda peke yake hakuviui.

Sasa angalia chachu uliyo nayo. Mtindi wa kienyeji hupenda joto la kawaida la chumba, kwa hiyo acha maziwa yapoe kabisa, nyuzi 25 hadi 30, nao huchukua saa 12 hadi 24. Yogati ya dukani isiyo na sukari wala ladha hupenda joto zaidi: nyuzi 42 hadi 45, yaani kidole kikae ndani ukihesabu hadi kumi bila kuungua. Hiyo huganda kwa saa 5 hadi 8, sufuria ikiwa imeviringishwa blanketi. Ukiitia kwenye maziwa ya moto inakufa. Ukiitia kwenye maziwa yaliyopoa sana inasinzia, na vijidudu vingine vinaitangulia.

Kwa samli chukua mtindi wa kienyeji. Unaganda polepole, mafuta yanapata muda wa kupanda. Tia vijiko 2 vya chakula kwa kila lita, koroga mara moja, mimina kwenye chombo kipana, funika, usikiguse tena. Chachu nyingi kupita hapo haiharakishi kitu cha maana. Inaleta ukali na maji ya kijani yanayojitenga.

Kibuyu nacho kinafaa, mradi kisafishwe kwa maji yanayochemka na kukauka juani. Wakalenjin wa Kenya husugua ndani ya vibuyu vyao vya mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkaa wa mti wa senetwet, na harufu yake ya moshi huingia kwenye maziwa.

Yakishaganda, engua ule utandu mzito wa juu kwa kijiko kipana na uuhifadhi mahali pa baridi. Ongeza wa kila siku kwa siku 4 au 5, si zaidi. Mtindi uliobaki chini ni wa kula na ugali au viazi. Haujapoteza kitu ila mafuta.

Kusukasuka

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na sababu karibu kila mara ni joto. Utandu unataka nyuzi 15 hadi 18. Ukiwa na joto zaidi, siagi inatoka laini kama grisi na nusu yake inabaki kwenye maziwa. Ukiwa baridi mno, utasukasuka saa nzima hujaona kitu. Pwani fanya alfajiri, chombo kikiwa kimekaa kwanza nusu saa kwenye beseni la maji yenye barafu.

Jaza chupa ya mdomo mpana nusu tu. Ikijaa, utandu hauna pa kugonga. Sukasuka dakika 15 hadi 30. Kwanza unapata povu, kisha uzito unaokwama, halafu ghafla sauti inabadilika: maji yanacheza, na ndani kuna chembe kama punje za mchele. Acha hapo. Mimina maziwa pembeni, osha chembe mara 3 kwa maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, mpaka yatoke maangavu, kisha kandamiza kwa mwiko kutoa maji. Siagi ya kula hivyo hivyo, tia chumvi kijiko 1 cha chai kwa robo kilo.

Kuchemsha samli

Tumia sufuria nzito na makaa yaliyopungua. Siagi itayeyuka, itatoa povu jeupe na kuchemka kwa kelele: hayo ni maji yanatoka. Usifunike, mvuke utarudi ndani. Nusu kilo huchukua dakika 25 hadi 35.

Kelele ikififia, usiondoke. Maji yakiisha, hakuna tena kinachozuia joto, nalo hupanda haraka. Mashapo ya chini yakiwa rangi ya asali na mafuta yakiwa maangavu, epua mara moja, maana sufuria inaendelea kupika. Yakifika kahawia iliyokolea, samli imeshakuwa chungu na hakuna dawa. Kama una shaka, chovya ncha ya karatasi na uiwashe mbali na sufuria: ikipasuka-pasuka, maji bado yamo. Ukipenda harufu ya iliki, tia punje 3 zilizopondwa dakika 5 za mwisho.

Chuja kwa kitambaa cha pamba kikavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Funika ikishapoa, ukifunika ya moto, jasho la mfuniko linadondokea ndani na ukungu unaanzia hapo. Weka gizani, na kijiko kikavu kiwe cha samli tu. Ikiganda chengachenga, hiyo ni kawaida ya samli iliyopoa polepole.

Maziwa yaliyobaki kwenye kusukasuka yakandie chapati badala ya maji, zinatoka laini. Mashapo yasiyoungua changanya na sukari kidogo, pakaza kwenye mkate siku hiyo hiyo.