Kutembea Bagamoyo na watoto kwa kufuata kivuli na maji

Bagamoyo, mji ulio takriban kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ni mdogo kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kuutembea kwa miguu yake mwenyewe bila kubebwa. Hata hivyo, wazazi wengi huwafikisha watoto magofuni saa sita mchana, jua likiwa la utosi, na watoto hao hurudi nyumbani wamechukia mambo ya kale kabla hawajayafahamu. Kwa sababu hiyo ninashauri matembezi ya hapa yapangwe kwa kufuata vitu viwili, kivuli na maji ya bahari, na ziara za majengo zipangwe katikati ya hivyo viwili.

Kabla ya kuchagua siku, mzazi autazame mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache zinazofuata, huwa ni bamvua. Maji hupwa mbali sana, na katika pwani yetu kupwa huko huangukia karibu na saa nne asubuhi, kisha bahari hujaa karibu na saa kumi alasiri. Saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ni vema kumwamkia mvuvi yeyote aliyepo ufukweni na kumwuliza maji yanapwa saa ngapi, kwa kuwa jibu lake litakuwa la siku hiyo hiyo. Muda unaofaa kwa watoto ni ile saa moja au mbili kabla maji hayajapwa kabisa, wakati mchanga uliolowa ni mgumu na hauchoshi miguu, na kaa wadogo wanatoka mashimoni mwao. Maji yakianza kurudi, nanyi rudini. Msiwaruhusu watoto kuingia kwenye mikoko, maana tope la huko humzamisha mtoto hadi magotini na kumnyang'anya kandambili zake; viatu vya kufunga kwa kamba vinafaa zaidi. Penye vyombo vilivyotia nanga, waonyeni wasikimbie, kwa sababu kamba za nanga hulala mchangani bila kuonekana vizuri.

Pwani hii inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huwapiga watembeaji usoni, na alasiri minazi na kuta za mji hutupa kivuli upande wa bahari. Siku ambayo maji hayapwi asubuhi, uacheni ufukwe hadi saa kumi, na mwanze na njia ya miembe.

Njia ya miembe ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa familia yenye watoto wadogo. Inaanzia karibu na msalaba ulio ufukweni na kuelekea Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, na miembe mikubwa iliyopandwa na wamisionari katika karne ya 19 imeifunika pande zote mbili. Ardhi ni tambarare, mtoto anaweza kutangulia hatua kadhaa bila kupotea machoni, na bibi au babu aliyechoka anaweza kukaa chini ya mti wakati wengine wanaendelea. Ndani ya eneo la misheni kuna mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo wa chuma, na leo kinaonekana kipande kidogo tu. Husimuliwa kwamba mnyororo huo ulikuwa wa kumfungia punda. Waacheni watoto wautafute wenyewe. Karibu na hapo upo mnara wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuusafirisha kutoka mahali alipofia, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mtoto anayelalamika kwamba njia ni ndefu anaweza kuelezwa habari ya safari hiyo, lakini aelezwe pia kwamba katika misheni hii waliishi watu waliokombolewa kutoka utumwani, na aelezwe kwa maneno yanayolingana na umri wake. Sioni sababu ya kumficha.

Mji Mkongwe hauhitaji zaidi ya saa moja na nusu. Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe na jengo la Karavanserai, yaani kituo cha misafara, vyote vimo katika eneo dogo, na ada hulipwa kwa wahusika wa mambo ya kale, ambao mnastahili kuwadai stakabadhi. Katika mitaa, wape watoto kazi ya kutafuta milango ya nakshi na kulinganisha maua na minyororo iliyochongwa kwenye miimo yake. Milango hiyo ni ya nyumba za watu, kwa hiyo wenyeji waamkiwe, wakubwa kwa shikamoo, na ruhusa iombwe kabla ya kupiga picha. Njaa ikiingia, kwenye soko la samaki kuna samaki na pweza wa kukaanga. Madafu pia hupatikana mjini, nayo yanamfaa mtoto aliyetoka jasho kuliko soda.

Kaole, penye magofu ya mji wa kale, iko takriban kilomita tano kusini ya mji, na kwa watoto walio chini ya miaka kumi siishauri kwa miguu kwenda na kurudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia haina kivuli. Chukueni bajaji na mkubaliane bei ya safari zote mbili pamoja na muda wa kusubiri, kisha tembeeni ndani ya magofu penye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Nguzo hizo zina vishimo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China, na watoto huvigundua upesi wakiombwa kuvihesabu. Hayo ni makaburi ya Waislamu, basi asiwepo wa kupanda juu yake wala kukalia kuta zake. Fikeni saa mbili asubuhi, na saa nne muwe mmeshapanda bajaji.